Kisirani na Bunduki Iliyobadilishwa Mtutu

Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wakulima waliomletea bunduki za kutengenezwa walimwita Kisirani, kwanza kisogoni, kisha mbele ya macho yake, naye akaitika, maana jina hilo lilimpunguzia kazi ya kufukuza watu. Alikuwa fundi wa bunduki, mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mrefu, mikono yake ikinuka mafuta ya taa hata siku ya mapumziko. Mteja akiingia karakanani na kusema "habari za leo, fundi," alijibiwa, "Weka mezani, komeo wazi, mtutu uelekee ukutani." Salamu ilifuata baadaye, ikifuata.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa mdogo wake. Nyuma ya matofali yale kulikuwa na sebule ya mdogo wake, na kochi la mdogo wake, na mara nyingi mdogo wake mwenyewe juu ya kochi. Kwa hiyo, kwa kanuni ya karakana, kila bunduki iliyoingia pale ilimwelekea yeye. Aliwahi kulalamika. Kisirani akamjibu kwamba kanuni ya kazi inataka mtutu uelekezwe kwenye ukuta mnene kuliko yote, na kama hapendi, hakuna aliyemtuma ajenge ukuta mnene.

Aliujenga mwaka uleule baba yao alipofariki. Fundi mwashi alivuta kamba kutoka kwenye lango hadi kwenye choo cha nje, akaifuata kamba bila kuuliza bomba linapita wapi na waya unapita wapi. Ukuta ulipokwisha, koki kubwa ya maji ilikuwa upande wa mdogo mtu, na swichi kuu ya umeme ilikuwa upande wa dada mtu. Basi kila Kisirani alipochemsha sinia la dawa ya kuupa mtutu weusi, kazi isiyotaka maji yakatike hata kidogo, maji yalikatika. Na kila mdogo wake alipokaa kutazama mpira, taa zilizimika, mara nyingi dakika ambayo mshambuliaji amebaki yeye na kipa. "Bomba la zamani hilo," alisema mdogo mtu. "Waya wa zamani huo," alisema dada mtu. Kwa kuwa yote mawili yalikuwa kweli, hakuna aliyeweza kumshtaki mwenzake.

Mdogo mtu aliitwa Mwenyekiti. Hakuwahi kukaa katika kikao asikiongoze, kiwe cha msiba, cha wazazi wa shule au cha klabu ya walenga shabaha, ambako wakulima wa pale walipimana ubingwa kila mwisho wa mavuno. Sauti yake ilikuwa nzuri, shati lake limepigwa pasi, na mikono yake haikuwahi kushika tupa. Hapo ndipo palipokuwa na donda. Baba yao alikuwa fundi wa bunduki kwa miaka arobaini, na aliyekaa naye kwenye jiriwa ya kubania vyuma alikuwa binti. Mwanamume alijaribu wiki moja, akakata kidole, akaenda kusomea uongozi. Mzee alipokuwa kitandani aliwaita wote wawili akasema: vifaa ni vya binti yangu, bunduki yangu ni ya mwanangu wa kiume. Alidhani ametenda haki. Ukweli ni kwamba alichukua kitu kimoja akakipasua katikati, kila mtoto akaondoka na nusu akimwona mwenzake ni mwizi.

Bunduki yenyewe ilikuwa na historia ndefu kuliko wao wote. Ilizaliwa ya kijeshi, enzi ambazo askari walitembea kwa miguu na viatu vya misumari, na iliundiwa risasi ya enzi hizo. Vita vikaja, vikaenda. Miaka mingi baadaye, jeshi lilikuwa na bunduki kuukuu zimejaa ghalani na risasi za aina mpya zimejaa ghala la pili, na mkubwa mmoja akaona hapa ndoa imepatikana. Karakana ya jeshi ikang'oa mitutu ya zamani, ikatia mitutu mipya ya kulingana na risasi mpya, ikaacha mwili wa kati uleule, ule unaolishika komeo, chuma cha kuifungia risasi kwa nyuma, inapolipuka. Zikapewa walinzi wa maghala na wa madaraja, watu ambao kazi yao ilikuwa kusimama na bunduki zaidi ya kuipiga. Mwishowe zikauzwa kwa raia. Mzee akanunua moja, pamoja na sanduku la risasi za jeshi.

Alipiga risasi zile tu. Sanduku lilipokwisha, aliipaka bunduki mafuta, akaitundika. Kisirani alipomuuliza kwa nini haendi dukani kununua nyingine, maana namba iliyoandikwa kwenye kasha la dukani ilikuwa kama ileile, mzee alisema, "Hao ni pacha, mwanangu. Mmoja alilelewa kwa babu, mwingine alilelewa kwa mganga. Sura moja, hasira mbili." Hakusema zaidi. Mzee alikuwa bahili wa maneno kwa watu wote isipokuwa wateja.

Sasa, wiki mbili kabla ya mashindano, Mwenyekiti alikuja karakanani kwa mlango wa barabarani kama mteja yeyote, bunduki begani, binti yake nyuma. Binti huyo aliitwa Sindano. Alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule na za hospitali, mwenye miaka ishirini na kitu, mwembamba, mwenye jicho ambalo halikukosa tundu la sindano wala shabaha. Miaka miwili mfululizo alikuwa wa pili katika klabu, kwa bunduki ya kuazima. Baba yake aliamua kwamba mwaka huu atakuwa wa kwanza, kwa bunduki ya babu yake.

"Dada, shikamoo," Mwenyekiti alisema. Amkio lilitoka kama mtu anayetema mfupa.

"Marahaba. Weka mezani. Komeo wazi. Mtutu..."

"Najua unapoelekea."

Bunduki ilikuwa imepambwa. Kitako kilipakwa vanishi mpya, na juu palifungwa darubini iliyong'aa kama jicho la kuku. Kando yake Mwenyekiti aliweka kasha la risasi za dukani, za kuwindia, picha ya swala ubavuni.

"Tunataka alama tu," alisema. "Jicho la mzee."

Jicho lilikuwa alama ndogo ya chuma ambayo mzee aliigonga chini ya mtutu wa kila bunduki aliyoikagua akairidhia. Klabu ilikuwa na sheria: bunduki yoyote ya kale haipigwi uwanjani bila jicho la mwaka huo. Sheria hiyo aliipitisha Mwenyekiti mwenyewe, kumpendeza baba yake angali hai. Sasa mwenye chuma cha kugongea jicho alikuwa dada yake, na mwenyekiti hawezi kuwa wa kwanza kuvunja sheria iliyopita chini ya nyundo yake.

Kisirani aliivua darubini bila kuomba ruhusa. Akatoa komeo, akalifungua, akamulika ndani ya mtutu. Kisha akalirudisha komeo, akachukua vipimo viwili vya chuma, vinene kama risasi fupi, vilivyotofautiana kwa unene wa karatasi. Cha kwanza kiliitwa Ndiyo. Ukikiweka ndani, komeo lazima lifunge. Cha pili kiliitwa Hapana. Ukikiweka, komeo lazima ligome. Likifunga juu ya Hapana, maana yake kuna nafasi iliyozidi kati ya komeo na risasi, na baruti ikilipuka itaitumia nafasi hiyo kumtafuta mpigaji.

Aliweka Ndiyo. Komeo likafunga. Akaweka Hapana. Komeo likagoma.

Akarudia, na mara hii alisukuma kwa nguvu kuliko inavyoruhusiwa. Likagoma tena. Moyoni alihisi kitu ambacho hakukipenda: alikuwa amesikitika.

"Hata vipimo vyako vinasema imepona," Mwenyekiti alisema.

"Vinasema ilivyo leo. Haijala chakula cha dukani."

"Dada, hii imebadilishwa na jeshi. Si na fundi wa uchochoroni. Jeshi zima lenye wahandisi."

"Jeshi lilibadilisha kwa risasi zake, za upole. Halafu jeshi lina askari wengi. Wewe una binti mmoja."

"Na mtutu mpya, je?"

"Mtutu ni suruali mpya. Goti ni lilelile. Mwili huu ni wa chuma cha enzi za bibi yetu, kigumu ngozi, laini nyama. Baruti ya leo itausukuma. Jicho siligongi."

Mwenyekiti akacheka kwa pua. "Ingekuwa yako, ungeshaligonga."

"Ingekuwa yangu isingepakwa vanishi kama kitanda cha bibi harusi."

"Unaona?" alimgeukia binti yake. "Nilikwambia. Si chuma hiki kinachomsumbua. Ni kwamba mzee alinipa mimi. Roho ya korosho huzaliwa nayo mtu. Mama yako alinikanya nisije, nikasema hapana, damu ni damu."

"Damu gani?" Kisirani alisema. "Iliyokatika jana saa ya kuosha mtutu?"

"Bomba la zamani hilo."

Sindano alikuwa hajasema neno. Alikuwa akitazama vipimo viwili mezani, kama anavyotazama vitambaa viwili vya rangi moja kujua kipi kitachuja.

Jioni ile wifi alitoa maoni yake. Mke wa Mwenyekiti hakuwahi kuzungumza na Kisirani uso kwa uso tangu ukuta uinuke. Alizungumza na kuku wake, kwa sauti ya kuvuka ukuta. "Nyie kuku," alisema, "kuna watu hawakujaliwa watoto, sasa mtoto wa mwenzao akitaka kung'ara, macho yanawatoka. Kuleni, msinitazame hivyo, siwasemi nyie."

Kisirani alizima umeme. Kuku wakapiga kelele, wifi akajikwaa kwenye ndoo, na kwa muda mfupi dunia ikawa mahali pazuri.

Lakini hakulala vizuri, na kesho yake kazi ilimkataa. Alijijua. Kwa miaka mingi alikuwa amekataa bunduki za watu kwa sababu njema, kwa sababu mbaya, na kwa sababu mteja alikuwa na uso wa mdogo wake. Kisirani wa kudumu ana hasara moja ambayo watu wapole hawaijui: siku anayokuwa na la kweli la kusema, halina tofauti na yale ya kila siku. Alichokuwa nacho mkononi ni maneno ya mzee juu ya pacha, na ujuzi wake wa chuma, na vipimo vilivyomsaliti. Na chini ya vyote, tamaa. Alitaka bunduki ile iwe mbovu. Alitaka hivyo tangu siku ilipotoka mlangoni ikiwa begani kwa mtu mwingine.

Sindano alikuja mchana, peke yake, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Bunduki ilikuwa bado mezani. Mwenyekiti alikuwa ameiacha makusudi, ili imtazame dada yake mpaka alegee.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba. Baba yako kakutuma?"

"Baba hajui nipo huku. Anadhani naenda kununua zipu." Alivuta kigoda akakaa. "Shangazi, nataka uniambie kitu kimoja. Unachokikataa ni bunduki au ni baba?"

Kisirani aliweka chini kitambaa cha mafuta. Mtu mwingine yeyote angefukuzwa. Lakini shavu litakalolala kwenye kitako kile lilikuwa la huyu, na jicho litakalokuwa karibu na komeo kuliko kitu kingine chochote lilikuwa la huyu.

"Vyote viwili," alisema hatimaye. "Na siwezi kuvitenganisha. Ndiyo maana usiniamini."

"Basi nitamwamini nani? Baba naye ana yake. Ameshawaambia watu wote. Ameshaandaa hotuba."

"Hotuba ya ushindi?"

"Ya kupokea kombe. Amenisomea mara tatu. Mimi nimo kwenye sentensi ya mwisho."

Kisirani alicheka, jambo ambalo lilimshangaza yeye mwenyewe. Kisha akasema, "Usiniamini mimi, usimwamini yeye. Tukaiulize yenyewe."

Mzee alikuwa na namna yake ya kuiuliza bunduki asiyoifahamu. Nje ya mji kulikuwa na machimbo ya kokoto yaliyoachwa. Aliifunga bunduki kwenye tairi la lori, akalaza tairi kwenye fremu ya vyuma, akafunga kamba kwenye kifyatulio, akajificha nyuma ya jabali akaivuta. Isipopasuka, watu wengine huishia hapo, wakasema imepona. Mzee hakuishia hapo. Alirudi na vipimo vyake akaipima upya, maana, alisema, mtu anaweza kubeba gunia la kupita nguvu zake akafika nalo nyumbani, na usiku mgongo ukamwambia.

Walikwenda siku mbili kabla ya mashindano, asubuhi. Mwenyekiti aliambiwa, akakubali kwa furaha: alitaka kuona dada yake akiaibika mahali pa wazi. Lakini mwenyekiti hafiki mapema, na Sindano na shangazi yake walikuwa wamekwisha kufunga tairi yeye hajatokea.

"Pima wewe," Kisirani alisema. Aliweka mikono yake miwili mfukoni, aizuie isisaidie. "Sukuma kwa kidole kimoja tu. Komeo lisilazimishwe."

Sindano akaweka Ndiyo, likafunga. Akaweka Hapana, likagoma. "Limekataa," alisema.

"Kumbuka lilivyokataa. Kumbuka kidoleni, si kichwani."

Mwenyekiti akafika, na kiti cha kukunja. Akakikunjua mbali kidogo na jabali, mpaka Sindano alipomvuta shati akaja kujikinga nao. Kasha la swala likafunguliwa.

Kamba ikavutwa. Mlio ukapasua machimbo, vumbi likaanguka, ndege wakahama. Tairi lilirukaruka, likatulia. Bunduki nzima.

"Eh," alisema Mwenyekiti.

Ya pili. Nzima. Ya tatu, ya nne. Kila mara Kisirani alikwenda kufungua komeo, kutoa ganda na kuweka risasi nyingine, na kila aliporudi nyuma ya jabali kuvuta kamba alijikuta anaomba. Alipokuwa anavuta ile ya nane au ya tisa ndipo alipoyasikia maombi yake vizuri: pasuka, pasuka. Alikuwa anamwomba Mungu aivunje bunduki ya baba yake. Akaona haya, akavuta tena.

Nusu ya kasha ikaisha. Hakuna kilichopasuka. Mwenyekiti aliinuka, akapiga makofi ya polepole.

"Mwaka huu kuna mtu atakula maneno yake," alisema. "Na nitamletea kijiko."

Kisirani alirudi kwenye tairi. Mara za mwisho alihisi komeo likiwa zito kufunguka, kama mlango uliovimba wakati wa mvua. Aliinama akaokota maganda, akampa Sindano moja. Karibu na kitako cha ganda kulikuwa na mstari mwembamba unaong'aa, ulioizunguka shaba pande zote.

"Hapa shaba imevutika," alisema. "Ilikuwa inatafuta nafasi ya kwenda. Sasa pima tena, wewe mwenyewe."

Sindano akaweka Hapana. Akasukuma komeo kwa kidole kimoja. Komeo likateremka, likafunga kama droo.

Alilifungua. Akapangusa kipimo kwa pindo la gauni, akakiweka tena. Likafunga. 

"Mpira wa kiunoni," Sindano alisema taratibu, kama anaongea na cherehani yake. "Sketi ya mtoto akivaa mama yake siku moja. Haichaniki. Lakini hairudi."

"Hairudi. Na kila ukivaa inaongezeka. Siku ganda litakapokatika pale penye mstari, moto utarudi nyuma kwa njia ya komeo. Usoni kwako. Inaweza kuwa risasi ya leo, inaweza kuwa ya mwakani. Bunduki haisemi."

"Leteni hapa," alisema Mwenyekiti. Alichukua kipimo, akakigeuza kwenye mwanga kana kwamba kimeandikwa uongo wake ubavuni. "Ulikuwa nacho nyumbani wiki nzima hiki. Nani anajua ulichokifanya?"

"Baba, nilipima mwenyewe asubuhi. Komeo lilikataa."

"Ulipima mbele yake. Amekufundisha unachotakiwa kuona. Dada, umemchukua baba yangu, sasa unamchukua na mtoto." Sauti yake haikupanda. Ilikuwa sauti ya kikao. "Sawa. Binti asipige kama anaogopa. Nitapiga mimi. Jumamosi, mbele ya klabu yote, na jicho au bila jicho. Sheria niliipitisha mimi, nitaitengua mimi. Bunduki ya mzee haitatangazwa mbovu na mtu aliyenyimwa."

"Baba," alisema Sindano. "Baba, angalia ganda basi."

"Nimeangalia. Ganda ni ganda."

Kisirani alimtazama mdogo wake, na kwa mara ya kwanza siku ile alimwona vizuri. Hakuwa anaidanganya nafsi yake juu ya chuma. Chuma hakikuwa na nafasi katika jambo hili. Bunduki ile ndiyo kitu pekee ambacho baba yao alimpa yeye badala ya dada yake, na kuikubali kuwa mbovu ni kukubali kwamba hata hicho hakupewa. Vipimo havikuwa na la kumwambia, vingekuwa Ndiyo, Hapana, au Msahafu. Jumamosi angelaza shavu lake pale, na shati lake la pasi, na macho yake mawili ya kijinga yanayofanana na ya mzee.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo mtu huyu angeliamini bila ushahidi. Chochote kibaya juu ya dada yake.

"Basi nitakwambia," alisema. "Nimeiharibu mimi."

Mwenyekiti akakishusha kipimo.

"Ilipolala kwangu niliingiza tupa ndani. Pale komeo linapoegemea. Nilikwangua kidogokidogo, pande zote mbili, nikapaka mafuta usione. Ulisema ingekuwa yangu ningeligonga jicho. Ulisema kweli. Nilisema ikiwa si yangu, isiwe ya mtu."

Sindano alimgeukia haraka, mdomo wazi, na Kisirani akamtazama kwa jicho alilowahi kumtolea mteja mlevi aliyetia kidole kwenye kifyatulio. Mdomo ukafunga.

"Nilijua," alisema Mwenyekiti. Uso wake ulipauka, kisha, taratibu, ukajaa kitu kilichofanana sana na faraja. "Nilijua. Toka mwanzo. Nilimwambia mama yake."

"Chuma kikikwanguliwa pale hakirudishwi. Hata umpelekee fundi wa mjini, atakwambia hivyohivyo. Ukipiga hiyo, utajiua kwa mkono wangu. Utapenda hivyo?"

"Nikupe furaha hiyo? Thubutu." Alianza kuifungua kutoka kwenye tairi, vidole vyake vikihangaika na fundo, na hakuna aliyemsaidia. "Nitakushtaki."

"Nishtaki."

"Mzee angekulaani."

"Anajua ninapokaa."

Aliondoka na bunduki, kiti cha kukunja akikisahau. Sindano alibaki anakusanya maganda moja moja kutoka kwenye kokoto, akiyatia mfukoni, na alipomaliza alisema bila kumtazama, "Shangazi, wateja wako wakisikia hili?"

"Watasikia. Kesho asubuhi mama yako atawaambia kuku."

Walisikia kabla ya asubuhi. Klabu ilimpata fundi mwingine, wa mjini, mpole, anayesalimia. Yeye naye ana vipimo viwili na anavitumia vizuri, Kisirani aliulizia. Nusu ya wakulima waliacha kuja. Nusu nyingine walikuja na kukaa pale pale kumtazama akifanya kazi, wasiondoke mpaka amalize, jambo lililomuudhi kuliko kukosa wateja. Mwenyekiti hakumshtaki. Mashtaka yana mwisho, na masimulizi hayana. Sindano alipiga kwa bunduki ya kuazima, akawa wa pili kwa mara ya tatu, na hotuba ikabaki mfukoni. Baada ya hapo alianza kupitia karakanani njiani kwenda kununua zipu. Alinunua zipu nyingi mwaka ule.

Bunduki ya mzee ilitundikwa sebuleni kwa Mwenyekiti, juu ya kochi, komeo limefungwa kwa waya. Kila mgeni aliyeingia aliisikia hadithi yake, na kupitia matofali Kisirani aliisikia pia, akiwa kwenye jiriwa yake. Mwanzoni ilikuwa tupa. Baada ya miezi miwili ilikuwa tupa na tindo. Sasa imefika tindikali.

Jioni moja walikuwepo wageni wengi. Kisirani alikuwa amechemsha sinia la dawa, mtutu wa mteja tayari kuoshwa, na akafungua bomba. Likakohoa mara moja, likakauka. Alisimama pale na mtutu wa moto kwenye koleo, akisikiliza vicheko vya upande wa pili. Kisha akaulaza mtutu, akatembea hadi kwenye swichi kuu, akaweka mkono juu yake.

"...kwa chuki tu," sauti ya mdogo wake ilikuwa ikisema, nzito, tamu, ya kikao. "Dada wa tumbo moja."

"Kwa hiyo huipigi kabisa?" mgeni mmoja aliuliza. "Hata siku moja?"

"Nitapigaje? Ameshaiua. Nikiigusa, mimi ndiye nitakayekufa. Hiyo haipigwi tena na mtu wa nyumba hii."

Kisirani aliuacha umeme uwake mpaka hadithi ilipokwisha.